Msafiri na Ndege Iliyochelewa

Baadhi ya wasomaji wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita wametuletea swali ambalo baba zetu hawakuwa na haja ya kuliuliza. Mtu amekata tikiti ya ndege ya nauli nafuu, akafika kiwanjani kwa wakati, kisha akaambiwa kuwa ndege imechelewa. Nayo ikachelewa mchana kutwa. Je, sala yake aisalije? Saumu yake ina hukumu gani? Na ana haki gani kwa kampuni iliyopokea fedha zake?

Sisi twayaona maswali hayo matatu kuwa ni swali moja, nalo ni hili: saa zile za kungoja ni za nani? Wengi wetu hukaa kiwanjani kana kwamba saa hizo hazina mwenyewe, hazihesabiwi duniani wala akhera. Mtu mwenye adabu nyumbani kwake huonekana pale akitukana. Mwenye kuhifadhi sala huiacha ikampita kwa kuogopa kuitwa apande. Na mwenye haki ya kudai huondoka kimya bila kuuliza neno. Ilhali sharia imekwisha kumwekea hukumu zake msafiri aliyezuiliwa njiani, karne nyingi kabla ya eropleni ya kwanza kuruka.

Watu wa pande zetu si wageni wa kungoja. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na wazee wetu waliijua steshini kwa usiku kuliko walivyoijua kwa mchana. Ndugu zetu wa Geita nao walikingoja kivuko cha Kigongo na Busisi miaka na miaka, gari nyuma ya gari, mgonjwa na bibi harusi katika mstari mmoja, mpaka Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Sasa mtu wa Geita huvuka ziwa kwa dakika chache, akafika Mwanza mapema, akaenda kungojea kiwanjani kile alichokuwa akikingojea Busisi!

Na wazee wa pwani waliongoja zaidi ya hapo. Jahazi la kwenda Arabuni halikuondoka mpaka upepo wa kusi uanze, na la kuja huku halikufika illa kwa kaskazi. Aliyekosa msimu alikaa miezi. Hata Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, miaka michache kabla yake aliwahi kurudishwa njiani. Mwaka 1326 alikuwa akienda Hija, akafika bandari ya Aydhab katika Bahari ya Sham, akakuta vita na hapana chombo cha kumvusha. Akauza masurufu yake, akarudi Misri, akashika njia ya Sham pamoja na msafara wa Damascus, na Hija akaipata mwaka ule ule.

Lakini iko tofauti moja ambayo hatuna budi kuitaja, kwani ndiyo iletayo hasira. Nahodha wa jahazi hakumwahidi mtu saa. Alisema, "Tutaondoka Mungu akipenda, upepo ukikaa." Kampuni ya ndege huandika saa na dakika, na huandika pia kwamba abiria akichelewa yeye ataachwa. Mtu aliyeahidiwa dakika huumia kwa saa moja kuliko alivyoumia babu yake kwa mwezi.

Basi kwanza yafaa tujue nauli ile imekuwaje nafuu. Tarehe 29 Novemba 2012 kampuni ya Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ikatangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 bila kodi. Watu wengi ambao hawakuwahi kupanda ndege maishani mwao walipanda mwaka huo na uliofuata. Mtindo huo haukubuniwa hapa. Kampuni ya Southwest iliuanza Texas, nchini Marekani, mwaka 1971, na Kenya nao wakapata Jambojet mwaka 2014. Fastjet yenyewe haikudumu kwetu: mwezi Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, na safari zake zikakoma.

Siri ya biashara hiyo ni kwamba ndege haiachwi ikae. Hutua, hushusha, hupakia, huruka tena, mara nne au sita kwa siku moja, na kampuni haiweki ndege ya akiba ikae bure kungoja nyingine iharibike. Chakula hununuliwa, mzigo hulipiwa mbali. Kwa mpango huo nusu saa iliyopotea asubuhi haipotei tena, huzaa. Ndege iliyochelewa kidogo kuondoka Dar es Salaam alfajiri huchelewa zaidi Mwanza, na zaidi tena katika safari ya mchana, na abiria wa jioni hurithi madeni ya wote waliomtangulia. Kwa hivyo mwenye shughuli isiyoweza kungoja, kama mgonjwa aliyeandikiwa siku yake Muhimbili, au mtihani, au ndege nyingine ya kwenda Jidda, apande ile ya kwanza ya asubuhi, na bora zaidi apande siku moja kabla. Nauli ndogo ina bei ya pili, nayo ni wakati. Anayeweza kuilipa bei hiyo hakosi kitu kwa kununua tikiti rahisi. Asiyeweza, tikiti hiyo kwake ni ghali.

Ziko sababu nyingine ambazo hazina lawama kwa mtu. Rubani ana saa zilizowekwa na sheria ambazo haruhusiwi kuzipita kazini, hata abiria wapige kelele namna gani. Kiwanja kisicho na taa hakipokei ndege usiku, na kwa sababu hiyo ndege iliyochelewa hadi magharibi huahirishwa hadi kesho. Mwaka 2022 na 2023 baadhi ya ndege za Airbus A220 za Shirika la Ndege Tanzania zilisimama kwa matatizo ya injini, jambo lililotokana na mtengenezaji na kuyapata mashirika ya nchi nyingine pia.

Na iko hali ya hewa. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria twazijua dhoruba zake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 iliingia ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba, siku iliyokuwa na mvua na upepo. Watu 19 wakafa, Mungu awarehemu, na 24 wakaokoka, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo kuwaokoa. Tangu siku ile, tukiambiwa kuwa ndege yangoja wingu lipite, sisi hatuulizi mara ya pili.

Sasa tuje kwenye sala, kwani ndiyo kubwa. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 101, Mwenyezi Mungu amempa msafiri ruhusa ya kufupisha sala. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika ya Mashariki, safari yenye ruhusa hiyo ni ya marhala mbili, yaani kilomita 80 na ushei, nayo iwe safari ya halali. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 160, na kutoka Geita zimepita 100. Basi mtu wa Shinyanga au wa Geita aliyeketi katika kiwanja cha Mwanza amekwisha kuwa msafiri tangu alipoyapa kisogo majengo ya mji wake, ijapokuwa ndege bado hajaiona kwa macho.

Lakini jirani yake aliyeketi benchi lile lile, mkazi wa Ilemela, hajawa msafiri. Kiwanja kile kimo ndani ya mji wake, naye hajatoka mjini. Tikiti haimfanyi mtu kuwa msafiri. Yeye atasali rakaa nne, kila sala kwa wakati wake, hata akingojeshwa mpaka usiku. Twalitaja hili kwa sababu tumeona wakazi wa Mwanza wakisali nyuma ya imamu wa Geita na kutoa salamu pamoja naye katika rakaa ya pili. Haifai, imamu akitoa salamu, mkazi husimama akatimiza nne zake. Na kinyume chake pia: msafiri akisali nyuma ya imamu mkazi, humfuata katika nne na hafupishi.

Msafiri huyu wa Geita ameruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Hapo ndipo ndege iliyochelewa huwategea watu mtego. Saa saba mchana hutangazwa kuwa ndege itaondoka saa tisa. Mtu husema, "Nitasali nikifika." Saa tisa hutangazwa saa kumi na moja. Aliyetaka kuiahirisha Adhuhuri na kuisali pamoja na Alasiri ni sharti aitie nia hiyo kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka. Asiyetia nia, akangoja tu kwa uvivu na matumaini, huyo ameichelewesha sala bila udhuru. Nasaha yetu ni kwamba msafiri asiyejua saa yake azikusanye mbili hizo mara wakati wa Adhuhuri unapoingia, asali rakaa mbili na mbili, atue mzigo huo. Kwa wanaotafuta kibla: pale Mwanza ni kaskazini kwa kuinamia kidogo mashariki, na Dar es Salaam ni kaskazini karibu moja kwa moja. Na maji yapo bombani, kwa hivyo kutayamamu hakuna mlango pale. Twasema hivi kwa kuwa tumeliona likifanywa ukutani.

Sala ya Alfajiri haikusanywi na nyingine wala haifupishwi. Mwenye ndege ya alfajiri ajihesabie vizuri, asali kabla ya kupanda ikiwa wakati umeingia. Akishikwa na wakati angani asali kadiri awezavyo kwa heshima ya wakati, na akikosa kusimama au kuelekea kibla airudie akitua, ndivyo walivyosema wanazuoni wetu wa Kishafi.

Je, kungoja kukizidi siku? Yametokea hayo. Mwezi Aprili 2010 volkeno ya Iceland iliifunga anga ya Ulaya kwa siku zipatazo sita, wasafiri wakalala viwanjani, na maua ya wakulima wa Kenya yakaozea maghalani. Mwaka 2020, kwa maradhi ya korona, wengi walikwama ugenini kwa majuma. Msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hapo amekuwa kama mkazi na husali nne. Ama yule asiyenuia kukaa, bali kila asubuhi atarajia kuondoka na kila jioni huambiwa kesho, huyo hufupisha mpaka siku 18. Asili yake ni kukaa kwa Bwana Mtume (s.a.w.) Makka mwaka wa 8 Hijria, mji ulipofunguliwa, akifupisha sala muda wote huo. Na imepokewa kuwa Abdallah bin Umar alizuiliwa na theluji huko Azerbaijan miezi sita, naye akifupisha, na kwa ajili hiyo wako wanazuoni wasioweka mpaka wa siku maadamu mtu hakunuia kukaa. Twapenda sana khabari hiyo ya Ibn Umar. Mtu aliyekulia jua la Hijazi, amefungiwa na theluji nchi ya mbali, nyumba yake ni Madina, wala hajui njia itafunguka lini. Na kitu cha kwanza walichoona wenzake kinafaa kuhifadhiwa katika khabari zake ni jinsi alivyosali.

Liko jambo zito zaidi ya hayo, nalo ni maziko. Vijana wengi wa Tanga, Lindi, Kigoma na Unguja wako machimboni Geita, Nyarugusu na Bulyanhulu, mbali na wazazi wao. Simu ikilia usiku, tumaini lao ni ndege ya asubuhi.

Tuliwahi kungojea Mwanza pamoja na kijana mmoja wa namna hiyo, katika safari ya kampuni ambayo hatutaitaja. Baba yake alikuwa amefariki Tanga usiku ule. Ndege ilikuwa iondoke saa mbili asubuhi. Lau ingeondoka, angefika Dar es Salaam kabla ya saa nne, akashika basi, na kilomita 350 za barabara zingemfikisha Tanga alasiri, na maziko yalipangwa alasiri. Saa mbili ikapita. Ikatangazwa saa nne, kisha saa sita. Alikwenda kaunta akasema haja yake kwa sauti ya chini, na binti aliyekuwa pale, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitukanwa na watu wazima, alinyanyua simu akamtafutia nafasi katika ndege ya kampuni nyingine. Haikupatikana.

Ndipo ami yake alipompigia. Tuliyasikia mazungumzo kwa kuwa aliweka simu wazi, mkono ukimtetemeka.

"Mwanangu, usijitie wasiwasi," alisema yule mzee. "Wewe ndiye mkubwa wake. Tutakungoja, hata iwe kesho mchana."

Kijana alinyamaza kitambo. Mzee mmoja wa Kisukuma aliyeketi karibu, kwa nia njema kabisa, akamwambia kuwa kwao mtoto mkubwa hungojewa, na kwamba mwanamume asiyemtia babake udongo hujuta mpaka kufa. Kijana akamsikiliza kwa heshima, kisha akarudi kwenye simu.

"Ami, shikamoo. Wao wasema saa kumi, na saa kumi yao siijui. Msiningoje. Mzikeni baba baada ya Alasiri kama mlivyopanga. Mimi nitamsalia kaburini nikifika."

"Una hakika, mwanangu?"

"Sina hakika na ndege, ami. La baba nina hakika nalo."

Alitusogelea akatuuliza kama amekosea. Tukamwambia kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha jeneza liharakishwe, na kwamba wanazuoni wetu wameruhusu kumngojea walii ikiwa yatarajiwa atafika karibuni na haikhofiwi maiti kuharibika, ama kumngojea mtu ambaye hata yeye hajui atafika lini, katika joto la Tanga, si katika ruhusa hiyo. Tukamkumbusha pia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokosa maziko ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti alikwenda kumsalia kaburini, na kwamba Najashi, mfalme wa Uhabeshi, alipofariki alisaliwa Madina naye yuko mbali. Katika madhehebu ya Shafi sala hiyo ya mtu wa mbali yafaa, ingawa Mahanafi na Mamaliki hawaioni hivyo.

Alasiri ile alipigiwa tena simu, akaambiwa babake amekwisha kuoshwa na kukafiniwa. Nasi tukajipanga mstari katika pembe ya ukumbi, yeye akiwa imamu. Nyuma yake walikuwa watu kama kumi na mmoja. Hapana hata mmoja wetu aliyemjua marehemu. Ndege iliondoka saa mbili usiku.

Tumeieleza khabari hiyo kwa sababu familia nyingi huwa hazijazungumza juu ya jambo hili mpaka simu ilie. Yafaa lizungumzwe mapema, baba na wanawe wakiwa wamekaa pamoja baada ya chakula: mtoto aliye mbali asingojewe zaidi ya saa fulani. Wazazi wakisema neno hilo kwa ulimi wao, mtoto huondokewa na aibu, na majirani hukosa la kusema.

Turudi kaunta. Mtume (s.a.w.) amemfundisha mwenye hasira akae ikiwa amesimama, na ajilaze ikiwa bado haijamtoka, na pale kiwanjani twaona kila mwenye hasira husimama, tena husogea mbele. Yule binti hakununua ndege, hakuiharibu, wala hapangi saa zake. Mara nyingi ajua kidogo kuliko abiria mwenye ndugu Dar es Salaam aliyempigia simu. Kumtukana ni dhuluma, na tena ni kujifungia mlango, kwani yeye ndiye awezaye kumwandika mtu katika ndege ifuatayo.

Ila twasema pia kwamba subira si kunyamazia haki. Sura Al-Maida yaanza kwa kuamrisha watu watimize mikataba, na tikiti ni mkataba, iwe ya bei kubwa au ndogo. Kampuni inayojua tangu alfajiri kuwa ndege yake ina ubovu mji mwingine, kisha ikawa yatangaza "saa moja zaidi" mara nane, imewadanganya watu, na wakati wa watu ni mali yao. Basi msafiri na aulize kwa heshima, na aandike majibu na saa aliyojibiwa: sababu ni nini, ndege iko wapi sasa, mtatupa maji na chakula, tukilala, mtatulaza wapi, nikighairi, fedha yangu nitarudishiwaje na lini. Asiache ujumbe wa simu wala karatasi yoyote ipotee. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, na yasipojibiwa hupelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga lililowekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Kwa safari za nje, kama Umra au Maskati, uko Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imo: kampuni huwajibika kwa khasara iliyoletwa na kuchelewa, isipokuwa ithibitishe kuwa ilifanya yote yaliyowezekana kuizuia. Mzigo uliochelewa hudaiwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu kuupokea, na mahakamani mlango hufungwa baada ya miaka miwili.

Wanaosafiri kundi, kama wanafunzi au wanawake wa chama, wafuate mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba wasafiri watatu na wamchague mmoja kuwa kiongozi. Huyo ndiye aende kaunta, si wote kumi na watano. Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto vikae katika mkoba wa mkononi. Mizigo iliyokwisha kuingizwa haitolewi kwa urahisi. Tende chache na mkate wa nyumbani hupunguza gharama za mkahawa wa kiwanjani, ambako kikombe cha chai huuzwa kwa bei ya birika, na hutosha kumpa jirani pia.

Kwa mabinti na mama zetu twaongeza neno. Ndege iliyokuwa itue Mwanza mchana ikitua saa nne usiku, safari ya Shinyanga au Geita si ya kuianza saa hiyo peke yake katika gari la mtu asiyejulikana. Ndugu yake ampokee, au alale kwa jamaa mjini, na jambo hilo lipangwe kabla tikiti haijakatwa. Hata mwanamume mwenye fedha za dhahabu mfukoni twamwambia hivyo hivyo.

Imebaki saumu. Aliyeondoka Shinyanga kabla ya alfajiri ya Ramadhani, au aliyelala Mwanza akiwa safarini, ana ruhusa ya kula siku hiyo na kuilipa siku nyingine, kama ilivyo katika Sura Al-Baqara, aya za 184 na 185. Na akipenda kufunga na hapati taabu, kufunga ni bora. Aliyepambaukiwa nyumbani kwake hali amefunga, kisha akasafiri mchana, huyo kwa Mashafi hutimiza saumu ya siku ile, hata ndege ikichelewa, illa akishikwa na shida ya kumdhuru. Na yule ambaye ndege yake imeruka hatimaye karibu na Magharibi, tende ikiwa mkononi, asitazame saa ya Mwanza aliyoiacha chini. Atazame dirishani, jua likiwa bado laonekana kutoka pale alipo, hafungui mpaka litue machoni pake.